Somo la Redio: Mtu Mwenye Mawazo

Somo hili ni lenu ninyi mliokusanyika Rwamgasa, katika Mkoa wa Geita, na ninyi wa Katoro na Nyarugusu, na wengine wote mliokaa darasani na somo hili. Mliolisikia redioni sasa mtalisoma polepole. Maneno ni yale yale. Mwalimu wenu asome kwanza kwa sauti, kisha kila mmoja asome kipande kimoja, na asiyefahamu neno asione haya kuuliza.

Kwanza litazameni neno moja ambalo bila shaka mmelisema leo, pengine mara kumi. Neno hilo ni "sijambo". Likateni vipande viwili: si, jambo. Maana yake ni kwamba sina jambo, hakuna jambo lililonipata. Sasa fikiri, ndugu msomaji: tangu asubuhi umesema "sijambo" mara ngapi, na huku jambo unalo? Hata Wasukuma, ambao salamu zao ni ndefu na za heshima, huulizana habari na kujibiwa "mhola", yaani salama. Mtu amezika juzi, naye hujibu "mhola". Hasemi uongo. Salamu ni kama kubisha hodi, na anayebisha hodi bado hajaingia ndani.

Mimi kazi yangu ni kuwasikiliza watu waliolemewa na mawazo. Wengine huniita mshauri, wengine daktari wa mawazo, ingawa sina sindano. Mgonjwa hukaa kiti kimoja, mimi hukaa cha pili, tukazungumza. Nimeifanya kazi hii miaka mingi, na nimeona kwamba habari yenyewe ya mtu huja baada ya neno dogo "ila". "Nzuri, ila usingizi sipati." "Nzuri, ila tangu mtoto aondoke chakula hakina ladha." Mwenye haraka halisikii neno hilo, kwa maana amekwisha pita. Somo la leo ni juu ya neno hilo, na juu ya kungoja mpaka lije.

Tuanze na "mawazo". Katika Kiswahili kila mtu ana mawazo, na mawazo ni kitu chema. Lakini tukisema, "Yule ana mawazo," tunataka kusema jambo lingine. Tunasema kwamba wazo moja limemshika na linazunguka kichwani mwake kama ng'ombe wa kukamua mafuta, usiku na mchana, wala halifiki popote. Mwili nao huitikia. Kichwa humuuma, moyo humwenda mbio, mabega huwa mazito, tumbo huvurugika. Wengi huenda zahanati na kusema, "Nina malaria." Wakipimwa, malaria haionekani, wakarudi nyumbani na maumivu yao yale yale. Maumivu hayo ni ya kweli. Mtu hajifanyi. Moyo ukizidiwa, mwili huchukua sehemu ya mzigo.

Sasa tuje kwenye machimbo. Mkaaji wa Rwamgasa anajua mambo haya kuliko mimi, lakini nitayasema ili tuyatazame pamoja. Mkulima hupanda, na mvua ikiwa njema anajua mwezi atakaovuna. Mchimbaji hajui. Duara linaweza kuchimbwa miezi mingi, na mawe yasitoe kitu. Wakati huo wote watu wamekula kwa mkopo: unga wa mama lishe, dawa ya mtoto dukani, kamba na mbao za kushikiza kuta. Kila siku mtu hujiambia, "Kesho." Tumaini ni zuri, nisieleweke vibaya, bila tumaini hakuna ambaye angeshuka shimoni. Lakini tumaini la namna hii humzuia mtu asihuzunike kwa kile alichokwisha kukipoteza. Hasemi, "Nimepoteza mwaka." Husema, "Kesho tutapata," na huzuni ile hubaki ndani haijapata siku yake.

Kisha iko aibu. Wengi walifika kutoka mbali, Shinyanga, Mwanza, Tabora, Kigoma, na waliaga nyumbani wakiahidi kurudi na kitu. Mwaka wa kwanza mtu hupiga simu kila juma. Mwaka wa pili hupiga mara moja kwa mwezi. Baadaye akiiona namba ya mama yake huiacha simu ilie. Nimewasikia watu wazima wakilia kwa ajili ya simu hiyo tu. Hawakulilia dhahabu waliyoikosa. Mama, kwa upande wake, hajui kwamba mwanawe anaona haya. Anadhani amesahauliwa, naye anapata mawazo yake mwenyewe huko kijijini. Na fedha zikipatikana, gongo lipo karibu kuliko posta. Gongo huondoa mawazo kwa saa chache, halafu huyarudisha na riba.

Wanawake wa machimbo wana mzigo wao pia. Yupo anayeponda mawe huku mtoto yuko mgongoni, yupo anayepika alfajiri na kungoja malipo ya wanaume ambao hawajapata kitu. Mara nyingi yeye ndiye husikiliza shida za wote, na hakuna anayemuuliza zake.

Hatari nayo ipo kila siku. Mwaka 2015, huko Nyangalata, Kahama, wachimbaji walifukiwa chini ya ardhi, na watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41. Nchi nzima ilistaajabu, na ilistahili kustaajabu. Lakini mimi niliposikia habari ile nilifikiri juu ya usiku. Mtu aliyefukiwa akatolewa, mwili wake uko juu, lakini akilala pengine yumo bado gizani. Hushtuka, hutoka jasho, hukataa mlango ufungwe. Hali hii humpata pia yule aliyesimama juu ya shimo na kuvuta kamba, akaona kamba imekuja tupu. Ukimwona mwenzio hataki kushuka tena, usimwite mwoga. Akili yake inamlinda na jambo ililoliona kwa macho.

Sasa hebu tuseme habari ya kusikiliza, maana wengi hudhani ni kitu rahisi. Tuseme jirani yako amekwambia, "Nzuri, ila sioni faida ya kuamka." Wewe utajibu nini? Wengi wetu hujibu haraka: "Jikaze, wewe ni mwanamume." Au, "Mshukuru Mungu, wenzako wana shida zaidi." Au tunaanza kueleza shida yetu sisi, nayo ni kubwa kuliko yake. Maneno haya husemwa kwa nia njema, nakubali. Hata mimi niliyasema, kabla ya kufunzwa kazi hii, kwa rafiki yangu mmoja aliyefiwa na mke. Nilimwambia ajikaze. Alinishukuru kwa adabu, akajikaza, na hakuniambia neno tena kwa muda wa mwaka mzima. Nilidhani amepona.

Mtu anaposema jambo lake, kwanza nyamaza. Kaa chini kama amekaa, usisimame mbele yake. Kisha rudia kidogo ulilolisikia: "Unasema huoni faida ya kuamka." Usiongeze kitu. Atakaposikia maneno yake yakitoka kinywani mwa mtu mwingine, atajua yamepokelewa, na mara nyingi ataendelea. Uliza, "Ilianza lini?" Uliza, "Usiku inakuwaje?" Usiulize "Kwa nini?" mapema, kwa sababu "kwa nini" husikika kama swali la polisi. Na lile atakalokwambia lisionekane kesho kisimani.

Mtaniuliza, maneno matupu yatalipaje deni? Hayalipi. Lakini mtu mwenye mawazo huyaona mashaka yake kuwa kitu kimoja kikubwa, kama mlima. Akiyasema, hugawanyika: hili ni deni la unga, hili ni ugomvi na ndugu, hili ni msiba wa tangu mwaka jana. Halafu mnaweza kuchagua moja, lile dogo, na kulifanyia kitu juma hili. Pengine ni kupiga simu moja tu.

Jambo hili limejaribiwa. Nchini Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Dixon Chibanda aliona kwamba madaktari wa namna yake ni wachache mno kwa nchi nzima. Akawachukua akina bibi 14 wa mtaa wa Mbare katika mji wa Harare, akawafunza kusikiliza, akawawekea mabenchi nje ya zahanati. Washona wa huko wana neno lao, kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi. Mnaona kwamba ni ndugu wa "mawazo" yetu. Bibi hukaa benchini na mgonjwa, humsikiliza, kisha wanachagua shida moja ya kushughulikia. Mwaka 2016 matokeo yalichapishwa baada ya kupimwa kwa utaratibu wa kisayansi, na ikaonekana kwamba waliokaa na akina bibi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kazi hiyo imefika hata Zanzibar. Bibi hao si madaktari. Ni watu wazima kama ninyi, na kujifunza kwao kulianza kama mnavyojifunza ninyi.

Lakini kuna hali ambayo benchi peke yake halitoshi. Huzuni ya msiba ina mawimbi: leo unalia, kesho unacheka kidogo na watoto, keshokutwa unalia tena. Hiyo si ugonjwa. Ila mtu akipitisha majuma mawili au zaidi karibu kila siku bila furaha yoyote, usingizi umekwenda, chakula hakishuki, kazi haifanyiki, anajiona hana thamani, hapo ni ugonjwa, nao una tiba. Aende kituo cha afya aseme waziwazi, "Naumwa mawazo," asiseme kichwa tu. Kutoka hapo anaweza kupelekwa hospitali ya mkoa Geita, au Bugando huko Mwanza, ambako kuna idara ya magonjwa ya akili. Vivyo hivyo mtu anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Apelekwe mapema, wala asifungwe kamba.

Na mtu akisema amechoka kuishi? Hapo wengi huogopa, wakageuza mazungumzo. Usigeuze. Muulize kwa sauti ya kawaida, "Je, unafikiri kujiua?" Kumuuliza hakumpi wazo hilo kama halikuwamo. Kama limo, mara nyingi hushukuru kwamba kuna mtu wa kulisikia. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake, viondoe vitu vya hatari karibu naye, mtafuteni mtu mmoja anayemwamini, na mfuatane naye kituo cha afya siku ile ile.

Nimefika sehemu inayohusu Rwamgasa kuliko mahali pengi, nami nawaomba mwongeze masikio. Si kila badiliko la moyo linatokana na mambo ya moyo. Tuseme kuna mtu mliyemjua kwa upole. Sasa hasira zake ni za ghafla. Halafu anaona haya mbele ya watu, anakwepa baraza. Anasahau majina. Usiku halali. Akishika kikombe cha chai, mkono unatetemeka. Watu watasema amekunywa, au amerogwa. Kabla ya kusema hivyo, ulizeni swali moja: je, huyu huchoma zebaki, au hulala mahali zebaki inapochomwa?

Mnaijua kazi yenyewe. Mawe husagwa kwenye karasha, unga huoshwa kwenye mwalo, kisha zebaki hutiwa ndani ya karai na kusuguliwa kwa mkono mpaka ikamate dhahabu. Hukamuliwa katika kitambaa, na kidonge kinachobaki huchomwa motoni. Zebaki huondoka, dhahabu hubaki. Lakini zebaki imekwenda wapi? Imekuwa mvuke. Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Mtu akiuvuta, sehemu kubwa, kama nane katika kumi, hubaki mwilini. Huingia katika damu, hufika kwenye figo na kwenye ubongo. Ubongo ndiyo nyumba ya kumbukumbu, ya usingizi, ya subira. Ndiyo maana sumu hii hugusa tabia ya mtu.

Jambo hili lilijulikana zamani mahali pengine. Uingereza katika karne ya 19, mafundi wa kofia walitumia zebaki kutengeneza manyoya ya sungura. Wakawa watu wa kutetemeka, wa haya na wa hasira. Majirani waliwacheka, hata pakatokea msemo wa Kiingereza wa kumfananisha mwenda wazimu na fundi wa kofia. Watu walikuwa wameumizwa na kazi, nao wakafanywa mzaha.

Rwamgasa yenyewe ilipimwa. Mwaka 2003, katika mpango wa Umoja wa Mataifa juu ya zebaki, madaktari kutoka Chuo Kikuu cha Munich, Ujerumani, walifika hapo. Walipima damu, mkojo na nywele za watu, wakawalinganisha na watu wa Katoro wasioifanya kazi hiyo. Waliokutwa na zebaki iliyopita kiasi cha hatari walikuwa wachomaji. Karibu mchomaji mmoja katika kila wanne alikuwa amekwisha dhurika. Tanzania iliuridhia mkataba wa dunia wa kupunguza zebaki, uitwao Mkataba wa Minamata, mwaka 2020. Lakini mkataba uko kwenye karatasi, na kidonge kiko motoni leo.

Basi, anayechoma asichome ndani ya nyumba wala jikoni. Asichome mbele ya mtoto wala mama mjamzito. Yako makopo ya kuchomea yaliyofunikwa, yenye bomba la kuupoza mvuke ukarudi kuwa zebaki; hayo humlinda mtu na pia humpunguzia gharama, maana zebaki hununuliwa. Na mwenye dalili nilizozitaja amwambie mganga wa zahanati neno "zebaki" kwa kinywa chake, kwa sababu asipolitaja huenda asiulizwe. Mtu akiacha kuivuta, mwili huitoa polepole kwa mkojo kwa miezi kadhaa. Wengine hupata nafuu. Madhara ya muda mrefu yanaweza kubaki, kwa hiyo kuwahi ni bora.

Kwa nini nimeyaweka pamoja mambo haya, mawazo na zebaki? Kwa sababu mtu akibadilika na sababu haijulikani, sisi hutafuta wa kulaumiwa. Usukumani tunajua jambo hili lilikotufikisha. Kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa kushukiwa uchawi, wengi wao wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilikuwa Mwanza, Shinyanga na Tabora. Bibi mzee aliyepikia moshi wa kuni na samadi miaka hamsini, macho yake yakawa mekundu, akahesabiwa kuwa mchawi. Nyuma ya mauaji mengi ya namna hiyo kuna mtoto aliyefariki, au ng'ombe waliokufa, au mtu aliyegeuka tabia. Kuna huzuni ambayo haikupata pa kwenda, ikapewa jina la jirani. Nasema haya kwa uchungu. Siku ambayo mtu atakwambia, "Najua ni nani aliyenifanyia hivi," hiyo ndiyo siku ya kukaa naye kwa muda mrefu kuliko siku nyingine yoyote. Usibishane naye. Muulize juu ya yule aliyempoteza. Na ukisikia kwamba kuna mpango wa kumdhuru mtu, basi hapo siri imekwisha. Mwambie mwenyekiti wa kijiji na polisi mara moja.

Sasa kazi yenu ya darasani. Someni tena maneno haya na kuyaandika katika daftari: mawazo, msiba, aibu, kusikiliza, zebaki, mvuke. Halafu kaeni wawili wawili, mahali ambapo hamsikiwi na wengine. Mmoja aulize, "Habari za siku hizi?" Mwenzake ajibu anavyotaka. Akimaliza kujibu, aliyeuliza asiseme neno. Ahesabu kimoyomoyo moja hadi kumi. Mtaona ni muda mrefu ajabu. Kisha mbadilishane. Somo lijalo mwalimu atawauliza ilikuwaje kungoja. Hatawauliza mwenzako alisema nini, wala wewe usiseme.